Katamarani hailali: punguza tanga mapema

Aliyezoea mashua ya bodi moja hupanda katamarani, chombo cha bodi mbili, akisubiri dalili ileile ya siku zote: chombo kilalie upande ndipo apunguze tanga, yaani alikunje sehemu. Mashua ile ikizidiwa hulala, tanga linamwaga upepo, vyombo vya jikoni vinaporomoka, na kila mtu anajua saa imefika. Katamarani hailali. Inabaki imesimama juu ya mabodi yake mawili, nguvu yote inaishia kwenye mlingoti na waya zake, na wewe umekaa raha mustarehe unasifia mwendo.

Kwa hiyo mimi hufuata kipima upepo. Kama mtengenezaji ametoa jedwali la upepo na kiasi cha tanga, lifuate. Kama hakutoa, kwa chombo kidogo chenye mizigo ya safari mimi hupunguza hatua ya kwanza kwenye noti 15 hivi (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Tena nahesabu yale mapigo ya ghafla, wastani siushughulikii. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi yake: ukitoka noti 10 ukafika 20, tanga limebeba mara nne.

Mtego mkubwa ni kwenda na upepo kwa nyuma. Upepo halisi ni noti 20, wewe unakwenda 8, kwa hiyo mgongoni unasikia 12 tu. Shwari kabisa! Ngoja ugeuze omo, yaani mbele ya chombo, kuelekea upepo. Na upepo ukiwa nyuma tanga halishuki kirahisi, kwa sababu waya za katamarani nyingi zimevutwa kuelekea tezi (nyuma ya chombo), tanga na fito zake vinazilalia na kusugua. Ukiona omo ya upande wa demani (upande upepo unakoelekea) inaanza kuchimba maji, umeshachelewa.

Kazi yenyewe si ndefu. Elekea upepo kiasi, tanga la mbele liendelee kuvuta ili usukani usife. Legeza kamba ya demani, ile inayozuia tanga kuu, mpaka tanga kuu lipepee, na kaza kamba inayoshikilia ule mti wa chini usije ukaangukia vichwa vya watu. Teremsha jarari, kamba ya kupandishia tanga, hadi alama (ishone kwa uzi wa rangi, gizani vidole vitaipata), tia pete ya mbele kwenye kulabu, kisha kaza jarari tena kabla hujagusa kamba ya nyuma, inayovuta pembe ya nyuma ya tanga. Watu wengi huanza na ya nyuma, halafu wanashangaa tanga limejaa mikunjo. Kamba hiyo ya nyuma lazima ivute chini na pia kuelekea tezi. Ikivuta chini tu, tanga linabaki na tumbo, na tumbo ndilo ulilotaka kuliondoa.

Vile vikamba vya katikati vifunge kwa kulegea, vishike nguo iliyokunjwa tu. Siku ya kulirudisha tanga, vifungue hivyo kwanza. Kimoja kikisahaulika, ukivuta jarari kwa winchi tanga litachanika papo hapo.