Kabla hujanunua Corvette ya toleo maalumu

Nina Corvette mbili, magari ya michezo ya Chevrolet ya Marekani, ambazo kiwanda kilizitoa makusudi kwa ajili ya watu wa kukusanya: ya 1978 yenye rangi nyeusi na fedha, na ya 1996 ya fedha tupu. Nazipenda zote mbili. Ila kwa anayetaka kununua gari la namna hii, ushauri wangu ni huu: kiwanda kikishatangaza kwamba gari ni adimu, kila mtu atalitunza, na likishatunzwa na kila mtu halitakuwa adimu tena. Basi linunue uliendeshe. Ukilinunua ili likutajirishe, utasubiri sana.

Chukua hiyo ya 1978. Mwaka ule Corvette ilitimiza miaka 25 na ikachaguliwa kuongoza msafara wa mbio za Indianapolis 500. Chevrolet wakatoa nakala za gari lile, nyeusi juu na fedha chini, zikiwa na bawa nyuma na mstari mwembamba mwekundu. Zilitoka 6,502, hesabu iliyokusudiwa kumfikia kila muuzaji wao. Bei ya kiwandani ilipita dola 13,600, wakati Corvette ya kawaida ilianzia dola 9,300 na kitu. Watu wakazigombania, wakaongeza pesa juu ya bei, kisha wakazifungia gereji. Stika za milangoni hazikubandikwa kiwandani, zilikuja ndani ya gari mwenye gari aamue mwenyewe, na mpaka leo utakuta gari linauzwa stika zikiwa bado kwenye mfuko wake. Waliozificha walikuwa wengi mno. Ndiyo maana leo unaweza kupata iliyotembea maili chache kwa pesa isiyozidi bei ya gari jipya la kawaida.

Sasa tazama zile zinazouzwa kwa bei ya kutisha. Corvette Sting Ray ya 1963 yenye paa la kudumu ilikuwa na kioo cha nyuma kilichogawanywa katikati na uti wa bodi. Bill Mitchell, mkuu wa usanifu, aliupenda sana ule uti. Zora Arkus-Duntov, mhandisi, aliupinga kwa kuwa ulimziba dereva asione nyuma. Mwaka 1964 ukaondolewa. Ziliundwa 10,594, idadi kubwa kuliko ya gari langu la 1978, lakini hakuna aliyejua kwamba anamiliki hazina. Wapo waliokata ule uti kwa msumeno wakaweka kioo kizima cha 1964 ili gari lao lionekane jipya. Miaka ya baadaye mafundi wakalipwa kuurudisha.

Ya 1967 yenye injini ya L88 nayo ilikuwa ya mashindano hasa. Ukiiagiza, hupewi redio wala hita. Kwenye karatasi kiwanda kiliandika nguvu za farasi 430, chini ya 435 za injini nyingine ya mwaka huohuo, ilhali L88 ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi. Walioiagiza ni 20 tu. Januari 2014 moja iliuzwa mnadani kule Scottsdale, Arizona, kwa dola milioni 3.85.

Huko sisi wengine hatufiki. Tunachoweza kulinganisha ni magari kama ya 1996, na hapa ndipo mnunuzi mwenye macho anapofaidi. Mwaka ule, wa mwisho wa kizazi cha nne, kulikuwa na matoleo mawili. Grand Sport ilikuwa ya buluu na mstari mweupe katikati, zikaundwa 1,000 tu. Collector Edition, kama yangu, ni ya rangi ya fedha, zikatoka 5,412. Watu hukimbilia ile ya buluu na kuilipia pesa nyingi zaidi. Lakini fungua boneti ya Collector Edition yenye gia sita za mkono: utakuta injini ileile ya LT4, yenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa) nyekundu na waya nyekundu za plagi, nguvu za farasi 330. Ya otomatiki ina LT1 yenye 300. Kwa hiyo tafuta ya gia za mkono. Nimeendesha zote mbili, na kwenye barabara za vilima vya Kentucky tofauti niliyoisikia ni ndogo: Grand Sport niliyoendesha ina tairi pana zaidi na hushika kona vizuri zaidi, basi.

Ukitaka Grand Sport, anza na namba ya chesi, kwa sababu zilipewa mfululizo wake peke yake. Rangi ya buluu na mstari mweupe fundi yeyote wa rangi anaweza kupiga. Hata zile za 1978 nyeusi na fedha zina mfululizo wake, unaoanzia 900001. Muuzaji mmoja aliwahi kunipigia kelele nilipoinama kusoma namba kupitia kioo cha mbele. Niliondoka hapohapo.

Kwa Corvette za kuanzia 1963 na za miaka ya 1970, usidanganywe na bodi ya faibaglasi kwamba haina kutu. Ndani kuna fremu ya chuma inayoshika kioo cha mbele na milango, na hiyo huoza kimyakimya. Inua zulia la miguuni, papasa chini ya nguzo za kioo. Ukitoa vidole vyenye unga wa kahawia, gharama yake ni kubwa kuliko ya injini. Kisha washa injini, uwashe taa. Kwenye ya 1978 zinapanda kwa vakyumu, yaani kwa mfyonzo wa hewa wa injini. Moja ikichelewa, huenda kuna bomba la mpira lililopasuka, na hilo ni jambo dogo la kupunguziwa bei.

Ya 1996 ikague chini ya pampu ya maji. Distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, imekaa hapohapo chini yake, pampu ikivuja maji yanaiingia na gari linaanza kukohoa.

Chukua bima ya thamani mliyokubaliana na kampuni ya bima kwa maandishi, la sivyo gari likiharibika utalipwa kama lilikuwa gari kuukuu tu. Na gari la maili chache huwa na tairi za zamani zinazong'aa: soma tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka, na zikipita miaka kumi zibadilishe kabla hujaingia barabara kuu.