Usiache mshahara Shaabani

Dada, usipeleke hiyo barua ya kuacha kazi.

Umesema wewe ni karani bandarini Mombasa, wikendi unachora piko na hina, na Shaabani hii umejaa maharusi mpaka wengine unawarudisha. Mwisho wa mwezi unataka kuacha kazi ukodi chumba Mji wa Kale, kwa sababu moyo wako uko kwenye maua, hauko kwenye makaratasi ya mizigo. Umeuliza mtaa gani unafaa, leseni ya kaunti inapatikanaje, na babako umwambie nini. Mimi naanza na Shaabani, kwa sababu ndiyo iliyonimaliza.

Mwaka 2018 nilikuwa kampuni ya kutoa mizigo, mshahara 38,000. Shaabani, kabla ya kufunga, watu wanavunja jungu, arusi kila wikendi, Kibokoni hadi Kisauni. Mwezi ule mkono wangu uliingiza 52,000. Nikazidisha mara 12, nikaona nimefika. Mwisho wa Aprili nikaacha kazi. Katikati ya Mei mwezi ukaandama. Nani anafanya arusi Ramadhani? Chumba cha 18,000 kimekaa kitupu, nje masika inanyesha, watalii hakuna. Pesa nilizishika usiku wa kuamkia Idi tu.

Na aliyenitia upofu simsamehe. Nililipa 3,500 nikae kwenye semina katika hoteli moja Nyali, bwana na suti yake anatuambia huwezi kuvuka kwa feri mguu mmoja umeubakiza nchi kavu. Ukumbi mzima makofi. Feri ya Likoni, bwana, inakwenda na kurudi kutwa kucha, na mwenda kwa miguu halipi hata ndururu. Mshahara ukiupa mgongo haukungoji ng'ambo! Yeye hajaacha chochote. Anakula kwa kuwaambia wenziwe waache.

Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, arusi zikarudi, na mimi nadaiwa kodi ya miezi miwili. Hapo ndipo lilipo kosa lenyewe. Wewe ni mchoraji, unajua hina ya majani haiharakishwi. Unaikanda na ndimu na mafuta ya karafuu, unaiacha ilale, ukishapaka bi harusi anakaa nayo saa 6 au 8, na wekundu unakolea siku ya pili. Zamani bi harusi mmoja nilimpa jioni yangu nzima. Sasa nikawachukua watatu siku moja. Duka moja likaniuzia unga mweusi wa bei ya chini, muuzaji anaapa ni wa asili na unashika kwa nusu saa. Hina haitoi weusi ule! Ile ni PPD, dawa ya rangi ya nywele. Hata Marekani imeruhusiwa kwenye nywele tu, ngozini hapana. Nami nilikuwa nikipata unga mpya lazima nimpime mtu kwanza, tone moja ndani ya kiwiko, nangoja siku mbili. Siku ile sikumpima mtu, mwenye nyumba alikuwa ananipigia simu.

Siku ya tatu mama wa bi harusi akanitumia picha. Malengelenge yalikuwa yamefuata mistari yangu. Kila jani na kila kikonyo nilichokichora kimevimba kinatoa maji, na lile ua la kifundo cha mkono, ambalo nilikaa nalo zaidi ya yote, limekuwa donda moja. Nilirudisha pesa, nikalipa hospitali, nikaenda kwao mara mbili kuomba radhi. Alama hazikutoka. Miezi sita sikushika koni ya hina, nikiona ua tu roho inanichafuka. Kitu nilichokipenda tangu utotoni, kodi ilikigeuza kikawa kitu cha kuumiza mtoto wa mwenzangu.

Basi shika hili hata kama mengine yote utayatupa: usiache mshahara mpaka mkono wako ulipe kodi na chakula miezi 12 mfululizo, Ramadhani ikiwemo. Sio mwezi mmoja, na pesa za shangazi na mashoga zako usizihesabu. Andika kwenye daftari. Mimi nilirudi ukarani 2019, kwa mshahara mdogo kuliko wa kwanza. Nachora Ijumaa jioni na Jumamosi, hina ya majani peke yake, bi harusi mmoja, na anayetaka weusi wa nusu saa namwambia hapa hapana. Mwaka jana mkono ulijilipa miezi 9. Bado sijaacha. Na nakwambia kweli, tangu koni iache kudaiwa kodi, kuchora kumekuwa kutamu kwangu kama nilivyokuwa msichana. Jumamosi iliyopita nilikaa saa tatu kwenye mkono mmoja na sikuangalia simu.

Kama barua umeshaipeleka, sheria inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, kwa hiyo bado uko kazini. Kesho asubuhi, kabla ya chai, ingia kwa meneja umwombe akurudishie.