Maswali ya Wasomaji: Asilimia za Asili Katika Kipimo cha DNA

SWALI: Mimi na mdogo wangu wa kike, ambaye tumezaliwa kwa baba mmoja na mama mmoja, tulipeleka mate yetu kwa kampuni ileile inayokadiria asili ya mtu kwa DNA. Mimi nilipewa asilimia 12 ya kundi ambalo hakuna mzee wetu aliyewahi kulitaja, naye akapewa asilimia 4. Baadaye kampuni ilitangaza kwamba makadirio yamefanyiwa marekebisho, na asilimia 12 yangu ikashuka hadi 5 ingawa sikutoa mate mengine. Nyumbani sasa kuna maneno ya chini kwa chini. Je, majibu yapi ni ya kweli, na je, yawezekana hatuna baba mmoja?
Msomaji aliyeomba jina lake lihifadhiwe

JIBU: Nianze na linalowaumiza. Tofauti kati ya asilimia 12 na asilimia 4 haithibitishi, wala haidokezi, kwamba hamna baba mmoja. Kila mtoto hupokea nusu ya DNA ya baba na nusu ya DNA ya mama, lakini si nusu ileile, kwa sababu kila yai na kila mbegu ya kiume hubeba mchanganyiko wake, mfano wa karata zinazochanganywa upya kabla ya kila mchezo. Ikiwa mmoja wa wazazi wenu alirithi vipande kadhaa kutoka kwa babu wa mbali, wewe unaweza kuwa umevipata vingi na mdogo wako akavikosa karibu vyote.

Kama mnataka kuyamaliza maneno hayo, ipo hesabu nyingine inayoweza kufanywa kwa sampuli hizohizo, nayo ni kulinganisha DNA yako na ya mdogo wako moja kwa moja, bila kumhusisha mtu mwingine yeyote. Ndugu wa baba na mama mmoja hushirikiana kwa wastani nusu ya DNA yao, na katika takriban robo ya jenomu yote, yaani DNA yote ya mtu, huwa wamerithi nakala zilezile kutoka kwa wazazi wote wawili. Ndugu wa mzazi mmoja hushirikiana robo tu kwa wastani, na sehemu hizo zinazolingana pande zote mbili hawanazo, isipokuwa pale ambapo wazazi wenyewe wana undugu wa damu. Hesabu hiyo ndiyo ya kuaminiwa katika jambo zito kama hili. Asilimia za asili hazikuundwa kwa kazi hiyo, na naomba asije mtu akamshuku mama yake kwa sababu ya asilimia hizo.

Sasa tuone asilimia hizo zinavyopatikana. Jenomu ya binadamu ina herufi (viungo vya kemikali vinavyoandikwa A, C, G na T) zipatazo bilioni 3, na watu wowote wawili hutofautiana takriban katika herufi moja kwa kila elfu. Maabara haisomi herufi zote. Kwa kawaida husoma nafasi kati ya 600,000 na 700,000 ambazo tayari inajulikana kwamba watu hutofautiana hapo. Ni muhimu kuelewa kwamba karibu katika nafasi zote hizo hakuna herufi iliyo mali ya watu wa mahali pamoja peke yao. Herufi ileile hupatikana kila mahali, ila hapa ni nyingi zaidi na pale ni chache. Zipo nafasi zenye tofauti kubwa, kama badiliko la jeni ya Duffy linalozuia vimelea vya malaria vya Plasmodium vivax kuingia katika chembe nyekundu za damu, ambalo karibu watu wote wa Afrika ya Magharibi na ya Kati wanalo na ambalo ni adimu sana Ulaya. Lakini nafasi za aina hiyo ni chache mno.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme katika nafasi fulani herufi A hupatikana katika nakala 80 kati ya 100 kwenye kundi la kwanza, na katika 40 kati ya 100 kwenye kundi la pili. Ukikutwa na A, kundi la kwanza linaongoza kwa mara mbili tu, na huo ni ushahidi dhaifu. Lakini ukikutwa na hali kama hiyo katika nafasi 10 zisizotegemeana, mara mbili hiyo hujizidisha hadi kufikia mara 1,024. Hiyo ndiyo nguvu ya hesabu hizi: dalili ndogondogo, kila moja haitoshi, zikikusanywa kwa maelfu hutoa jibu. Programu ya STRUCTURE, iliyochapishwa mwaka 2000 na Jonathan Pritchard, Matthew Stephens na Peter Donnelly, ilijengwa juu ya wazo hilo. Kampuni nyingi leo hukata kila kromosomu, yaani kila uzi mrefu wa DNA ndani ya seli, katika vipande vifupi, hukipa kila kipande kundi kinalofanana nalo zaidi, kisha hujumlisha. Asilimia 12 yako ilikuwa jumla ya vipande hivyo.

Lakini kinafanana na kundi lipi kati ya yapi? Hapa ndipo penye shina la swali lako. Makundi ya kulinganishia si mababu zako. Ni watu walio hai leo, au waliokuwa hai juzi juzi, ambao kwa kawaida huchaguliwa kwa sababu babu na bibi zao wote wanne walizaliwa eneo moja. Programu hulazimika kuchagua miongoni mwa waliomo. Kama watu wenu hawamo, vipande vyako hugawiwa kwa wale wanaowakaribia. Kwa mfano, lugha za Kibantu zilianza kuenea kutoka eneo la mpaka wa Nigeria na Kameruni miaka ipatayo 4,000 hadi 5,000 iliyopita, na wasemaji wake walisafiri nazo. Kwa hiyo mtu wa mashariki au kusini mwa Afrika ambaye jamii yake haijawakilishwa anaweza kuambiwa kwamba ana asili kubwa ya Nigeria, ilhali hana babu wa karibu aliyetoka huko.

Upungufu huo si mdogo. Mradi maarufu wa Jenomu 1,000, uliosoma DNA za watu wa sehemu mbalimbali za dunia na kukamilishwa mwaka 2015, ulikuwa na watu 2,504 wa makundi 26, na kutoka ndani ya bara la Afrika yalikuwamo makundi matano tu: Wayoruba na Waesan wa Nigeria, Wamende wa Sierra Leone, Wamandinka wa Gambia na Waluhya wa Kenya. Bara lenye tofauti nyingi za kijenetiki kuliko mabara yote likawakilishwa hivyo, jambo ambalo kwangu ni dosari ya kisayansi na pia ni kuwanyima watu haki yao. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa, mpango wa utafiti wa jenomu na afya barani Afrika, walichapisha jenomu za watu 426 wa makundi 50 ya Afrika na kukuta zaidi ya tofauti milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote.

Ndiyo maana majibu yako yalibadilika. Kwa mfano, mwaka 2018 AncestryDNA, mojawapo ya kampuni za vipimo hivi, iliongeza sampuli zake za kulinganishia kutoka 3,000 hadi 16,000, na wateja wengi wakaona asilimia zao zikihama. Mate yako ni yaleyale. Waliobadilika ni watu unaolinganishwa nao. Makadirio ya pili huenda ni bora kuliko ya kwanza, lakini yote mawili ni makadirio tu. Tazama kama kampuni inaonyesha kiwango cha chini na cha juu, na uusome upana huo badala ya namba moja.

SWALI: Kipimo cha DNA ya mitokondria kimeniweka katika kundi L3. Je, hiyo ndiyo asili yangu?

JIBU: DNA ya mitokondria, yaani ya visehemu vidogo vya seli vinavyozalisha nishati, hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo hiyo ni asili ya mstari mmoja tu, wa mama, mama yake, na mama wa mama yake. Ukirudi vizazi 10 una nafasi 1,024 za wazazi katika nasaba yako, na mstari huo hufika kwenye nafasi moja tu kati ya hizo. Tena L3, ambalo ni tawi mojawapo la nasaba ya kike, ina umri wa makumi ya maelfu ya miaka, na matawi yake ya M na N ndiyo chimbuko la karibu mistari yote ya kike iliyo nje ya Afrika. Haitaji kabila.

SWALI: Nimepewa asilimia 1 ya kundi la mbali. Niamini?

JIBU: Bado. Angalia kwanza kama asilimia hiyo ni kipande kimoja kirefu kwenye kromosomu moja au ni chembechembe zilizotawanyika, kwa kuwa chembechembe mara nyingi ni makosa ya hesabu. Kisha, kama wazazi wako wapo na wamekubali, wapimwe. Kipande cha kweli lazima kionekane kwa mmoja wao, kwenye kromosomu ileile na mahali palepale.