Yeyo, hii ni dawa ya nini?

Maswali ya safari hii yamewaelekea akina yeyo, wale mama wa Kimaasai wanaotandika magome na mizizi pembeni mwa stendi na masoko.

Nimeuziwa gome la kikohozi, linawasha kama pilipili. Ni nini? (Morogoro)

Kwa ukali huo, huenda ni osokonoi. Wanaolijua huvunja kipande kidogo, wakatafuna polepole na kumeza mate, wengine hulichemsha. Ila kikohozi kikifika wiki mbili, weka gome pembeni ukapime kifua kikuu.

Si wazee wa kiume ndio wanaojua miti? Mbona wauzaji ni wanawake? (Dodoma)

Wanaume wana yao. Moran wakienda orpul, kule porini wanakochinja na kula nyama, hujifunza mizizi ya kutia kwenye supu, kama olkiloriti, ambayo husaidia tumbo lililojaa nyama na mafuta. Mama naye amejifunza bomani: homa za watoto, uzazi, maziwa. Mtazame akiandaa kibuyu. Huwasha kijiti cha oloirien, yaani mzeituni wa porini, akakiingiza kibuyuni kikiwa kaa jekundu, akasugua ndani mpaka moshi ushike, kisha akafuta majivu. Maziwa hukaa zaidi na hupata harufu yake. Hilo hakuna anayeliita utabibu, lakini kwangu mimi limo humo humo.

Mama mkwe anataka kumpa mwanangu wa miaka mitatu mukutan, atoe minyoo. Nikubali? (Arusha)

Usikubali, dada. Mama mkwe hajakosea mti: gome la mukutan ni dawa ya minyoo ya siku nyingi, kwa Wamaasai na hata Ethiopia. Tatizo ni kipimo. Linaharisha vibaya, na likizidi linadhuru; mtoto mdogo hana nafasi ya kubahatisha. Dawa ya minyoo ipo kituo cha afya. Mwambie mama kwa heshima, tena umwombe akufundishe kuutambua mti wenyewe.

Nina mimba. Supu ya mizizi je? (Kajiado)

Isubiri. Nenda kliniki na mizizi yenyewe mkononi, uwaoneshe. Wanaotumia ARV, dawa za presha au za sukari nao wafanye hivyo hivyo.

Mimi ni mwanafunzi, nataka kuandika anayoyajua koko wangu kabla hajatutoka. Nianzie wapi? (Narok)

Anza kwa kumwomba ruhusa, hata kama ni bibi yako. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa asilia. Yale ni mali ya jamii, si ya thesisi yako. Halafu usiishie kwenye majina ya miti, maana hayo kila mtu anayo. Andika anachuma msimu gani, anachemsha muda gani, nani asinywe, na anafanya nini dawa ikigoma. Muulize pia anavyobandua gome. Mti ukimenywa kuuzunguka wote hufa, kwa kuwa chakula kutoka kwenye majani hupita kwenye gome kwenda mizizini. Olkoijuk, mti ambao wataalamu huuita Prunus africana, imemalizwa hivyo sehemu nyingi za Afrika kwa ajili ya dawa ya tezi dume inayouzwa Ulaya, hadi biashara yake ikawekewa masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 1995.

Na kama ataridhia, mtaje kwa jina lake. Usimwandike "mhojiwa namba tatu".