Mgongo wa binti umepinda? Usingoje atimize miaka 18, mpige eksirei akiwa amesimama

Dada, nimesoma swali lako nikashindwa kulala. Binti wa miaka 11, hajavunja ungo, mgongo ulikuwa umepinda upande kwa digrii 28 kwenye eksirei ya mwaka jana, na mmeambiwa msubiri hadi afikishe 18 ndipo apasuliwe, eti vyuma vya kunyoosha mgongo vitamfanya mfupi. Ukauliza pia kuhusu kuchua, gharama na shule. Maneno hayohayo tuliambiwa sisi, na ndiyo yaliyomponza binti yangu.

Mgongo uliopinda unafuata ukuaji, si siku ya kuzaliwa. Msichana hurefuka kwa kasi zaidi kabla ya kuvunja ungo, na hapo ndipo pembe inapoongezeka haraka. Wangu alikuwa na digrii 31, tukaambiwa turudi akishakua. Nikaanza kuona sketi ya shule imekaa upande, na akiinama kufunga viatu, mbavu za kulia zinanyanyuka juu kuliko za kushoto. Nikamrudisha hospitali. Wakampiga eksirei akiwa amelala, wakasoma digrii 26, wakatupa hongera kwamba mgongo unajinyoosha!

Mtoto akilala, uzito unaondoka mgongoni na pembe huonekana ndogo kuliko ilivyo. Mtu aliyesomea kazi ile alipaswa kulijua hilo, na mpaka leo nikikumbuka zile hongera zake damu inanichemka. Tulirudi nyumbani tunamshukuru Mungu huku mtoto anazidi kupinda. Picha ya kusimama ilipokuja kupigwa kwingine, ilikuwa digrii 57.

Kwenye 31 angeweza kuvaa mkanda. Si ule laini wa famasi wa maumivu ya kiuno. Ni wa plastiki ngumu, unatengenezwa kwa vipimo vya mwili wake, na hutumika hasa kati ya digrii 25 na 40 kwa mtoto ambaye bado anakua. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotoka 2013 ulionyesha kuwa 72% ya waliovaa walimaliza kukua bila kufika digrii 50, na wasiovaa ni 48%. Waliovaa saa nyingi kwa siku ndio waliofaidika zaidi. Kwenye 57 hakuna mkanda tena, ni vyuma na skrubu.

Kuhusu ufupi: ni kweli pingili za mgongo zilizounganishwa kwenye upasuaji hazirefuki tena. Ndiyo maana watoto wadogo, chini ya miaka 10, mara nyingi huwekewa vyuma vinavyorefushwa hatua kwa hatua, ili kifua na mapafu vipate nafasi ya kukua. Lakini binti anayekaribia kumaliza kukua hupoteza kidogo tu, na mgongo ukinyooshwa anarudishiwa sentimita kadhaa palepale. Wangu alitoka chumba cha upasuaji akiwa mrefu kuliko alivyoingia.

Kuchua, usimguse nako. Gharama na shule wengine watakujibu, mimi nakuomba hili moja: wiki hii apigwe eksirei ya uti wote, shingo hadi nyonga, AKIWA AMESIMAMA. Daktari wa mifupa aiweke kando ya ile ya mwaka jana, apime pembe zote mbili mbele yako, aangalie na mfupa wa nyonga akuambie amebakiza kukua kiasi gani. Halafu irudiwe kila miezi 4 hadi 6. Akikuambia tena msubiri, nenda kwa mwingine.

Ukipata digrii mpya ziandike hapa, nitakuwa naangalia.