Usiseme umefahamu kabla hujafunga kitabu

Mwanafunzi mmoja wa Wete ameniandikia: kila akisoma anafahamu, akikaa kwenye mtihani hana la kuandika. Mwanangu, kichwa chako ni kizima. Unajipima wakati usio wake.

Ukipitia ukurasa mara ya pili au ya tatu, maneno huwa mepesi, nawe unadhani wepesi huo ndio kufahamu. Chukua habari ya karafuu. Umesoma kwamba mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Mwaka unaujua, kimbunga unakijua. Haya, kwa nini baadaye Pemba ikaongoza kwa karafuu? Aliyefahamu ataeleza kwamba karafuu ziliadimika, bei ikapanda, wenye mashamba wakazidi kupanda Pemba, na miche mipya ya Unguja ilihitaji miaka kabla ya kuzaa. Aliyehifadhi tarehe atakwama hapo hapo.

Fanya hivi. Soma mada moja baada ya alasiri, funga kitabu, shika somo jingine. Baada ya magharibi, bila kukifungua, andika maneno matano yanayobeba mada ile, kisha sentensi nne au tano za kuyaunganisha: kipi kilisababisha kipi. Hapo ndipo ujipe alama, 1 hadi 10. Halafu jibu swali la "kwa nini" na usahihishe kwa kitabu. Ulipojipa 8 na jibu likastahili 3, rudia hapo, si sura nzima.

Usiruke ule muda wa kungoja. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, Thiede na Anderson, walionesha kwamba wanafunzi walioandika muhtasari baada ya muda kupita walijipima kwa usahihi zaidi kuliko walioandika mara tu walipomaliza kusoma. Ukiandika papo hapo, maneno ya kitabu bado yamo kichwani, unayanakili tu. Yakishatoka, hubaki ulichokishika kweli, na hicho ndicho utakachoingia nacho mtihani.

Kinachowaharibia wengi ni kuchungulia. Ukiona kichwa cha habari kimoja tu, mengine yote yanaonekana unayajua, na kipimo kimeharibika. Rudia kesho.

Nanyi walimu, tafadhalini, acheni kuuliza "Mmefahamu?" mwisho wa kipindi. Kipindi kinachofuata, madaftari yakiwa yamefungwa, waandike maneno matano ya somo lililopita.