Maswali ya Wasomaji: Kujitolea katika Majaribio ya Dawa za Pumu na Mzio

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nimeishi na pumu tangu utotoni. Natumia inhela ya kinga asubuhi na jioni, na ile ya bluu ninapobanwa. Muuguzi wa kliniki ninakotibiwa ameniambia kuwa unaandaliwa utafiti wa inhela mpya na kwamba huenda nikafaa. Mume wangu anakataa, anasema wanataka kunifanyia majaribio tu. Mama mkwe anasema dawa ni ya bure, nisiiache. Nimsikilize nani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Hofu ya mumeo ina msingi, na tumaini la mama mkwe nalo lina msingi, ila hakuna kati yao aliyeuliza jambo ambalo mimi ningelitanguliza: ukijiunga, ile inhela yako ya kinga itakuwaje?

Watu wengi huiogopa dawa mpya na kuisahau ya zamani. Katika pumu, njia za hewa huwa zimevimba hata siku ambayo hujabanwa, na dawa kama beklometasoni au budesonidi hutuliza uvimbe huo polepole. Ukiiacha leo, kesho hutaona tofauti yoyote, pengine hata wiki ijayo, na ndiyo maana wagonjwa wengi huiacha wakidhani wamepona. Uvimbe hurudi kimya kimya, kisha siku moja mafua madogo au vumbi la chaki linakupeleka hospitali usiku wa manane. Kwa hiyo muulize mtafiti waziwazi kama washiriki wote wataendelea na dawa zao za kinga huku wakiongezewa dawa mpya au plasebo, yaani inhela inayofanana na ya kweli lakini isiyo na dawa, au kama dawa ya kinga itapunguzwa ama kuondolewa kwanza ili nguvu ya dawa mpya ionekane. Mpango wa kwanza mimi ningeukubali kwa urahisi zaidi. Wa pili si haramu, na wakati mwingine ni wa lazima kisayansi, lakini usiukubali kabla hujaonyeshwa kwa maandishi ni dalili gani zitakazofanya uondolewe kwenye utafiti na kurudishiwa dawa yako, nani atapokea simu yako saa nane za usiku, na gharama za kulazwa zitalipwa na nani. Inhela ya bluu iwe mkononi mwako muda wote, katika mpango wowote ule.

Nitakueleza kwa nini nalisisitiza hili. Mwaka 1996 ulianza Marekani utafiti mkubwa wa salmeteroli, dawa inayopanua njia za hewa kwa muda mrefu, ambao washiriki wake walizidi 26,000. Nusu walipewa salmeteroli na nusu plasebo, juu ya matibabu waliyokuwa nayo, na zaidi ya nusu yao walipoanza hawakuwa wakitumia inhela ya kinga. Mwaka 2003 utafiti ulisimamishwa kabla ya kukamilika. Waliokufa kwa pumu walikuwa 13 upande wa salmeteroli na 3 upande wa plasebo, na hatari ilionekana kuwa kubwa zaidi kwa Wamarekani weusi. Idadi hiyo ni ndogo ukiilinganisha na maelfu walioshiriki, lakini kila mmoja alikuwa mtu mwenye nyumba na ndugu, na ni kwa sababu yao kwamba leo daktari makini hampi mgonjwa wa pumu dawa ya aina hiyo bila dawa ya kinga ndani yake. Tafiti nyingine kubwa ziliagizwa baadaye, na matokeo yaliyoanza kutoka mwaka 2016 yalionyesha kuwa dawa hizo mbili zikiwa katika inhela moja, hatari ile haionekani. Onyo kali lililokuwa limebandikwa kwenye inhela hizo za pamoja liliondolewa Desemba 2017.

Habari hiyo ina upande wa pili ambao mumeo anastahili kuusikia. Kama watu weusi wasingeshiriki katika utafiti ule, tofauti ile isingejulikana. Dawa nyingi za pumu tunazozitumia zimepimwa zaidi kwa watu wa Ulaya na Marekani, wasiopikia kuni wala kupumua moshi wa taka zinazochomwa uani. Majaribio yanaweza kufanyika kwetu na yakaleta faida: kule Blantyre, Malawi, watoto wenye pumu waliopewa huduma iliyoboreshwa, ikiwemo dawa ya kinga na mafunzo kutoka kwa wahudumu wasio madaktari, walilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida, makundi yakiwa yamepangwa kwa bahati nasibu, na hali yao ikawa nzuri zaidi. Hata ushauri wa kimataifa uliotolewa mwaka 2019, kwamba mtu mzima au kijana mwenye pumu asitegemee inhela ya bluu peke yake, umetokana na maelfu ya wagonjwa waliokubali kushiriki.

Kuhusu uhalali, jaribio la dawa nchini Tanzania linapaswa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na cha maadili kinachosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Fomu ya ridhaa utapewa kwa Kiswahili. Ichukue nyumbani, isome pamoja na mumeo, na usikubali kuitia saini siku ileile uliyoiona kwa mara ya kwanza. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti. Ndani ya fomu kuwe na namba ya simu ya kamati ya maadili, yaani watu wanaolinda haki na usalama wa washiriki, mbali na ile ya mtafiti, na sentensi inayosema kuwa unaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza matibabu yako ya kawaida. Mtafiti anayekasirishwa na maswali yako, muage kwa heshima uondoke.

Kwa mama mkwe nina neno moja. Dawa ni ya bure hadi siku ya mwisho ya utafiti. Uliza sasa hivi nini kitafuata ikikusaidia, kwa kuwa nimewaona wagonjwa waliopumua vizuri mwaka mzima kisha wakaachwa watafute wenyewe dawa ambayo duka la mtaani kwao halijawahi kuiuza.

SWALI: Daktari, mimi sina pumu wala mzio wowote. Rafiki yangu aliye ng'ambo anasema huko watu wenye afya hulipwa wakishiriki utafiti wa mapafu. Je, mtu mzima wa afya ana hatari gani? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Anayo, ndugu yangu, na inafaa kuitaja kwa jina. Mwaka 2001 Ellen Roche, mwanamke mwenye umri wa miaka 24 ambaye hakuwa na pumu, alijitolea katika utafiti wa pumu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Alivutishwa heksamethoniamu, dawa ambayo haikuwa imeidhinishwa kutumiwa kwa kuvuta. Alianza kukohoa, mapafu yakaharibika, na akafariki takriban mwezi mmoja baadaye. Uchunguzi ulionyesha kuwa mshiriki aliyemtangulia naye alipata kikohozi bila kamati ya maadili kuarifiwa, na kwamba makala za zamani kuhusu madhara ya dawa hiyo kwenye mapafu hazikutafutwa ipasavyo. Serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda tafiti za binadamu ilizokuwa ikizigharamia chuoni hapo.

Ukialikwa, uliza kama dawa hiyo imewahi kutumiwa na binadamu kwa njia ileile, na waliokutangulia walipata nini. Kenya, utafiti wa aina hiyo unahitaji kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu pamoja na cha kamati ya maadili. Malipo yasiwe sababu ya kuficha kikohozi ili usiondolewe.

SWALI: Mwanangu wa miaka 7 ana mzio mkali wa karanga, na pia ana pumu. Hospitali hapa Columbus imetualika kwenye utafiti wa kumzoesha karanga kidogo kidogo. Naogopa, Daktari. (Mama, Ohio, Marekani)

JIBU: Mama, woga wako ni wa haki, kwa sababu katika tafiti nyingi za aina hii mtoto hulishwa karanga siku ya kwanza kabisa, kwa vipimo vinavyopanda, ili ihakikishwe kuwa mzio upo na kujua unaanzia kiasi gani. Hilo hufanyika hospitalini, wahudumu wakiwa na sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, tayari. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kati ya watoto na vijana wa miaka 4 hadi 17 waliopewa unga wa karanga kwa mpango huo, asilimia 67 waliweza mwishowe kula miligramu 600 za protini ya karanga bila dalili nzito, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa plasebo. Lakini asilimia 14 ya waliopewa unga huo walihitaji adrenalini wakati fulani, dhidi ya takriban asilimia 6 na nusu kwa wenzao.

Kwa mwanao, pumu ndiyo itakayoamua. Pumu isiyodhibitiwa huongeza hatari ya mzio kuwa wa kuua, na tafiti hizi huwakataa watoto wa namna hiyo. Mpeleke kwanza kwa daktari wake wa pumu, na usipunguze maelezo ya dalili zake ili apokelewe. Muulize mtoto mwenyewe pia; kwa umri wake anaweza kuelezwa, na akikataa kumeza, asilazimishwe. Omba mkalimani wa Kiswahili kutoka hospitalini, asiwe jirani wala binti yako mkubwa, na umwombe akusomee fomu yote, hasa sehemu ya nini cha kufanya mtoto akipata homa, maana siku za homa kipimo cha karanga mara nyingi hupunguzwa au kusitishwa kwanza.